Wanaume Wanne na Kitabu Kimoja

Mjukuu wangu Bosibori nilimkuta jikoni akichemsha karatasi. Hamjasoma vibaya. Alikuwa ametia majani ya chai kwenye sufuria yangu kubwa, ile ya wageni, chai nzito nyeusi kama maji ya mtaro, na ndani yake anachovya kurasa nyeupe moja moja. Nyingine alikuwa ameshazianika nje kwenye kamba yangu ya nguo.

"Unafanya nini na majani yangu?"

"Nazeesha, magokoro," akasema, ndivyo anavyoniita bibi kwa Kikisii.

"Unazeesha nini?"

"Karatasi. Zikikauka zinaonekana za kale. Kama zile hati za zamani kwenye vitabu vyangu."

Nikamwuliza kama anajua hayo majani yamebebwa na mgongo wa nani mpaka yakafika kwenye hiyo sufuria. Akacheka. Yuko chuo kikuu, mwaka wa pili, na likizo akija kwangu hapa Masimba huja na begi la vitabu vizito, vyote na jalada jeusi, anavisoma amelala kwenye kochi miguu ikiwa juu ya ukuta. Nilimwambia siku moja anisimulie kilichomo, maana kitu kinachomnyima mtu mzima usingizi lazima kina faida. Akanisimulia cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ni kitabu kimoja kilichobadilishiwa majina. Kuna chuo cha mawe, cha baridi. Kuna wanafunzi watoto wa matajiri ambao wana kundi lao la siri, wanavaa majoho, wanakutana chini ya maktaba na mishumaa kana kwamba stima imekatwa. Kuna kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono, na kila anayekigusa anakufa au anaua.

"Na shamba liko wapi?" nikauliza.

"Shamba gani?"

"Wanalouliana."

"Hakuna shamba, magokoro. Wanatafuta maarifa."

Basi hapo ndipo nilipowadharau kabisa. Mtu ameshiba, ana nguo, ana kitanda, na bado anamkaba mwenzake koo kwa sababu ya karatasi. Hao wangeletwa kuchuma chai wiki moja, hayo maarifa yangewatoka puani.

Lakini ile harufu ya jikoni ilinishika. Karatasi mbichi iliyolowa chai ina harufu yake, si ya chai na si ya karatasi, iko katikati, kama blanketi la mgonjwa. Nilikaa juu ya kreti la soda. Bosibori akaniuliza kama ni presha. Nikamwambia aendelee na ujinga wake. Harufu hiyo nilikuwa nimeinusa mara moja tu maishani, ndani ya sanduku la bati, nikiwa darasa la tatu, na darasa la tatu ndilo nililoishia. Naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe. Kusoma nimejimalizia kwa mifuko ya saruji na mikebe ya rangi, na duka la vifaa vya ujenzi mnaloliona hapo barabarani ni langu, na vyumba vya kupangisha nyuma yake ni vyangu. Kwa hiyo mkiona kosa, liacheni likae. Ninyi wa rika langu mtanielewa.

Kijijini kwetu, upande wa Nyamira, kilima chetu kilikuwa na kundi la siri kabla ya hivyo vitabu vya Bosibori kuchapishwa. Lilikuwa la wanaume wanne. Wa kwanza Mwalimu Nyakundi, aliyetufundisha sisi watoto wote. Wa pili karani wa kanisa. Wa tatu karani wa chai, anayepima magunia pale kituoni. Wa nne mtu wa josho, anayezamisha ng'ombe dawani. Watu waliwaita watu wa kitabu. Walikuwa ndio wenye viatu.

Kitabu chenyewe kilikuwa daftari la mzee Abeli, baba yake Mwalimu, marehemu. Huyo Abeli alikuwa wa kwanza kilimani kwetu kushika dini na kalamu. Alikwenda kwa miguu hadi upande wa ziwa kufundishwa na wahubiri wa huko, akarudi anajua kuandika, akaandika miaka mingi, akafa Mwalimu angali mtoto wa kuchunga ndama. Daftari likabaki. Likavishwa kitambaa, likatiwa kwenye sanduku la bati, na kila Sabato baada ya ibada wale wanne walikutana nyumbani kwa Mwalimu, wakafunga mlango na kulifungua.

Mlango ulibishwa mara tatu, halafu mara moja. Nawaapia. Mchana kweupe, kuku wakitembea uani, mtu mzima anabisha mlango mara tatu halafu mara moja kama kigogota. Ndani walikunywa chai ya maziwa na mkate. Sisi nje tulisikia kimya kirefu, kisha sauti ya mmoja ikisema "Naam," na mwingine, "Mambo mazito haya." Wakitoka, nyuso zao zilikuwa za watu waliotoka kuongea na Musa. Mwanamke akiuliza kilichomo, aliambiwa kuna mambo ambayo yakitamkwa hovyo yanaleta mauti. Tukaamini. Mama yangu mzazi, ambaye hakuogopa nyoka, akipita mbele ya nyumba ile alishusha sauti.

Mimi niliamini zaidi kwa sababu nilikuwa ninaingia ndani. Kila Ijumaa Mwalimu aliwachukua wasichana wawili wa darasani waende kusiriba sakafu yake kwa mavi ya ng'ombe, nyumba iwe safi kwa Sabato. Hiyo iliitwa kazi ya shule. Mikono yangu ilikuwa na kipimo kizuri, kwa hiyo niliitwa mimi mara nyingi kuliko wengine, na niliona fahari. Chumba cha sanduku nilikisiriba kwa kurudi kinyumenyume kama inavyotakiwa, macho yangu kwenye lile bati lenye kufuli isiyofungika, nikipumua kidogo kidogo.

Kisha baba akafa. Aliumwa tumbo siku nne, akafa, tukamzika karibu na migomba, na mwezi haujaisha Mwalimu Nyakundi akaja nyumbani akasimama uani bila kukaa. Shamba letu lilikuwa kipande kilichoteremka hadi kijitoni, migomba juu na chai changa chini, chai ambayo baba alikuwa ameanza kuichuma kwa mwaka wake wa kwanza. Lilipakana na la Mwalimu.

"Mama Kerubo," akasema, "nimekuja na neno gumu. Katika kitabu cha baba yangu imeandikwa kwamba babu yake Makori alikuwa omomenyi."

Kerubo ni mimi, na Makori ndiye baba yangu. Na omomenyi, kwa wasiojua, ni mtu aliyekuja kutoka ukoo mwingine akapewa mahali pa kujenga. Atalima, ataoa, atazikwa, lakini udongo si wake. Wenyewe wakiutaka, wajukuu wake wanafunga mizigo.

Mama hakulia. Alisema tu, "Na hilo lilingoja mwenyewe afe ndiyo lisomeke?"

"Maandishi hayana haraka," Mwalimu akajibu. Akasema wazee wa ukoo watakutana pale pale shambani Jumapili ya pili, na kitabu kitaletwa.

Sasa mjue akili ya mtoto. Mimi sikuelewa kwamba wanasema babu wa baba alikuja zamani. Nilielewa kwamba baba alikuwa mtu wa kwetu sawasawa mpaka siku walipolifungua lile daftari, na kwamba kitabu ndicho kilichomgeuza kuwa mgeni baada ya kufa, kwa kumwandika. Kama ni hivyo, dawa nilikuwa nayo. Shuleni tukikosea tulilowesha kidole kwa mate na kufuta. Nikaamua kwamba Ijumaa nitafungua sanduku, nitafute jina la Makori, nilifute.

Ijumaa ile mwenzangu alikuwa nje akichanganya mavi na udongo. Nikafuta mikono kwenye gauni, nikainua kifuniko. Hapo ndipo ile harufu iliponipiga. Wale mabwana miaka yote hiyo walikuwa wakinywa chai juu ya kitabu, na kuna siku waliimwaga, maana kurasa za katikati zilikuwa na doa kubwa la kahawia na zimejikunja. Kilifunguka chenyewe hapo hapo, mahali walipozoea kukifungua. Nikatafuta Makori. Nikatafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, kidole changu cha pili kikiwa tayari mdomoni. Hakuna. Herufi nilizijua zote, ni zile zile za ubaoni. Nilizitamka kimoyomoyo na zikasomeka vizuri kabisa. Ila sikuelewa hata neno moja.

Wala sikushangaa. Shuleni tulifundishwa kusoma Kiswahili na Kiingereza kwa sauti, darasa zima, na hakuna aliyetuuliza kama tumeelewa. Kwa mtoto wa darasa la tatu, kusoma ni kutoa sauti, kuelewa kunakuja baadaye, kama meno. Nikajiambia hii ni lugha ya darasa la nne. Nikifika huko nitaijua, na jina la baba nitalipata lilipofichwa. Kwa hiyo nikachuma kijiti cha nyasi dirishani, nikakunja mguu, nikaandika juu ya muundi kama tulivyoandika sisi tusio na madaftari. Ngozi yangu ilikuwa kavu ya vumbi, maneno yalitoka meupe. Mstari mmoja mguu wa kushoto, miwili mguu wa kulia. Nikafunga sanduku, nikamaliza sakafu, nikaenda nyumbani bila kuosha miguu. Kila asubuhi nikapitisha mwiba juu ya herufi zangu zisipotee. Zilivimba kidogo. Mama akaniuliza ni upele gani huo, nikasema nyasi.

Jumapili ikafika. Wazee waliketi juu ya magogo pale mpakani, wanawake na watoto tukasimama kando kwenye migomba. Watu wa kitabu walikuja wamevaa makoti, wote wanne, Mwalimu mbele na daftari kifuani ndani ya kitambaa chake, anatembea kama aliyebeba maiti ya mtoto. Kati ya wazee alikuwepo mzee Ogeto. Huyu hakuhesabiwa sana. Ujana wake wote alikuwa akifanya biashara na Wajaluo huko chini, anapeleka ndizi na wimbi, analeta samaki na vyungu, akarudi mzee na kikohozi na mazoea ya kucheka mahali pasipochekesha. Kusoma hakujua. Alialikwa kwa sababu ya umri tu.

Mwalimu akafungua pale penye doa. Akasafisha koo, akasoma kwa Kikisii kizuri kilichonyooka: "Katika mwaka wa njaa, babu yake Makori alikuja kutoka mbali akiwa na mbuzi mmoja mkononi, akaomba mahali, akapewa kando ya kijito mpaka kufa kwake." Akafunga. Wale watatu wakatikisa vichwa. Nikamtazama mama, na mama alikuwa ameinamisha kichwa kando, kama anavyofanya sokoni mtu akimtajia bei.

"Mwalimu," akasema, "mimi sijasoma, na kichwa changu tangu nifiwe hakishiki. Nisomee tena hapo hapo."

Mwalimu akaona huruma. Akafungua tena. "Katika mwaka wa njaa babu yake Makori alikuja na mkewe na ng'ombe wawili, akaomba kwa wazee wetu, wakampa kando ya kijito..."

"Basi," mama akasema. "Mara ya kwanza amekuja na mbuzi mmoja. Sasa ana mke na ng'ombe wawili. Huyo babu ametajirika haraka, tukikaa hapa mpaka jioni atakuwa na lori."

Wanawake kwenye migomba wakaangua kicheko. Mwenyekiti wa wazee akapiga fimbo chini. Mwalimu akasema maandishi ya kale yana tabaka, kwamba msomi hutoa maana na si maneno, kwamba kuna undani ambao mama wa jikoni hawezi kuufikia. Jasho lilikuwa limefika kwenye kola.

"Sawa," akasema mzee Ogeto, na kikohozi chake. "Acha undani, mwanangu. Sisi tutosheke na cha juu. Tusomee maneno yenyewe, vile marehemu aliyaweka. Nilimpenda Abeli, nataka kumsikia."

Mwalimu akatazama ukurasa. Akamgeukia karani wa kanisa. "Soma wewe, macho yangu leo yana vumbi." Karani wa kanisa akapokea, akalitazama, akasema hiyo ni sehemu ya Mwalimu, yeye huwa anafuata tu. Akampa karani wa chai. Karani wa chai akasema hana miwani. Hajawahi kuwa na miwani. Akampa mtu wa josho, na mtu wa josho alilishika daftari kwa mikono iliyonyooshwa mbali, kama mtoto aliyejinyea, na akaanza kuwatazama wenzake mmoja mmoja, na hapo tukaona jambo likimwingia usoni. Wakatazamana wote wanne. Miaka yote ile ya kubisha mara tatu na mara moja, siri yao ilikuwa hii tu: kila mmoja alidhani mwenzake anaelewa.

"Hakuna mtu hapa anayeweza kusoma?" mwenyekiti akauliza.

Nani aniambie ni shetani gani aliyenisukuma. Hapana, nawaambia ni nini: lilikuwa ni zoea la darasani. Nimesikia mtu mkubwa akiuliza nani anaweza kusoma, mkono wangu ukaenda juu wenyewe na vidole vikapiga. "Mimi, mwalimu! Mwalimu, mimi!"

Mama alinishika nyuma ya gauni. Mzee Ogeto akasema, "Mwache." Nikatoka pale kwenye migomba, nikaweka mguu wa kushoto juu ya gogo, nikasoma muundi wangu. Nikabadilisha, nikaweka wa kulia. Nikasoma kama tunavyosoma shuleni, kwa sauti kubwa ya kuimba, mikono nyuma, bila kuelewa chochote.

Kabla sijamaliza mguu wa kulia mzee Ogeto alikuwa ameanza kutetemeka. Nikadhani ndiyo ile mauti ya kutamka hovyo, nimemwua mzee wa watu. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamwinamisha, akashikwa mabega, akacheka tena.

"Kijaluo!" akasema alipopata pumzi. "Abeli ameandika Kijaluo! Mtoto, rudia wa kwanza." Nikarudia. "Anasema: loweka tumbaku kwenye maji siku mbili. Haya, wa pili. Muoshe mbuzi pale penye upele. Wa tatu! Umfunge mdomo asilambe." Akamgeukia mtu wa josho. "Wewe una dawa ya mbuzi mikononi miaka yote hii na mbuzi zangu zimekwisha kwa upele?"

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Abeli alifundishwa na watu wa ziwa, kwa vitabu vya ziwa, akajua kuandika kwa lugha hiyo peke yake. Mwanawe hakuipata, na aibu ya kumwambia mtu "sielewi mwandiko wa baba yangu" ikamfanya anunue koti.

Wakaniketisha karibu na mzee Ogeto juu ya majani ya migomba, kitabu magotini mwangu, na tukakisoma chote. Mimi nilisoma nisichoelewa, yeye akaelewa asichoweza kusoma, na wazee walisogeza magogo wakaja kuzunguka. Namna ya kuchoma matofali. Majina ya darasa la ubatizo. Nyimbo mbili. Mbuzi tena. Kuna ukurasa aliandika kwamba leo jino limemuuma, hakwenda kufundisha, na mtoto wake mdogo amemletea maji ya moto bila kutumwa. Hakuna babu yeyote aliyekuja na mbuzi wala na ng'ombe. Hakuna shamba hata moja katika kitabu kizima.

Pale penye jino nilimwona Mwalimu akifuta uso kwa kofia yake. Watu walisema ni aibu. Mimi nasema alikuwa anamsikia baba yake kwa mara ya kwanza, na aliyemsikilizisha ni mimi, na ahsante sijaipata mpaka amekwenda kaburini.

Wazee wakaupitia mpaka kwa miguu, mwenyekiti mbele, wakasema shamba ni la Makori na la mjane wake na la watoto wake, neno limekwisha. Mama akarudi kwenye chai yake jioni ile ile.

Jumatatu nilikwenda shule nikiwa na kichwa kikubwa kuliko mlango. Mwalimu aliingia, akaandika ubaoni, akageuka. "Kerubo. Anayesoma kuliko mwalimu wake hana haja ya mwalimu. Nenda nyumbani, urudi na mama yako." Wenzangu walicheka kwa sababu yeye alitaka wacheke.

Mama alisikia. Alikuwa na kuku mmoja, jike jeusi, wa mayai. Akamkamata, akamfunga miguu kwa ukamba wa mgomba, akamtia kwapani kwangu. Nikadhani tunakwenda sokoni. Tulikwenda kwa Mwalimu. Alisimama mlangoni, hakutukaribisha, na mara hii hakuvaa koti.

"Tumekuja kuomba radhi ya mtoto," mama akasema. "Alifungua sanduku la mtu. Hilo ni kosa, na kuku ndiye huyu."

"Kuku sina neno naye," Mwalimu akasema taratibu. Nadhani alikuwa amechoka. "Mama Kerubo, Sabato ijayo simama mbele ya kanisa. Sema mtoto aliyatunga, sema mzee Ogeto alikuwa anafanya mzaha wake. Sema kitabu cha baba yangu ni kitabu cha kweli. Basi. Jumatatu mtoto arudi darasani, na nitamfikisha mpaka la saba mimi mwenyewe. Ana kichwa. Najua ana kichwa."

Kuku alikuwa na joto kwapani, moyo wake ukipiga haraka, na wangu pia. Shule nyingine ilikuwa mbali, kuvuka mito miwili, na hakuna msichana wa kilima chetu aliyewahi kwenda huko.

"Mwalimu," akasema mama. "Kitabu kikiwa cha kweli, shamba langu litakuwa la nani?"

Mwalimu alitazama chini, mahali nilipokuwa nikisiriba.

"Kerubo, mshike kuku vizuri," mama akasema. "Twende."

Njiani sikuthubutu kuuliza. Tulipofika, alitoa kisu, akamchinja yule kuku mwenyewe. Sikuwa nimeona mwanamke akichinja, na siku hizo bado kulikuwa na wamama kilimani kwetu ambao hawaonji nyama ya kuku, iliyokuwa ya wanaume. Akampika kwa chumvi, akakata ugali wa wimbi, akaniwekea sahani ya baba mbele yangu. Juu yake aliweka firigisi. Mnajua firigisi ni ya nani katika nyumba ya Mkisii. Mwenye nyumba akiikosa hata kwa bahati mbaya, kuna kesi.

"Kula," akasema. "Kesho tunaanza kuchuma kule chini mapema, kabla ya umande kukauka. Utabeba kikapu kidogo."

Wala sikulia, msinihurumie. Nilikuwa na njaa, na firigisi ni tamu. Lakini ni ngumu, haimezeki haraka, na nilikuwa nimeshaelewa kwamba mlo huu ukiisha, na shule imeisha. Kwa hiyo nilitafuna polepole. Mama alikuwa ameshaosha sufuria, ameshafunika moto kwa majivu, na mimi bado nimeishikilia shavuni, natafuna.